Sensa za presha zinavyofanya kazi, na ipi inafaa kupimia maji ya tenki

Swali lililonifikia: "Shikamoo mtaalamu. Nina gesti ndogo hapa Iringa, juu nimeweka tenki la lita 5,000. Nilinunua sensa ya presha mtandaoni, ya waya tatu, imeandikwa 0–1.2 MPa na 0.5–4.5 V, nikaifunga chini ya tenki na kuunganisha na Arduino (bodi ndogo ya kielektroniki inayosoma sensa) ili nijue maji yamebaki kiasi gani bila kupanda ngazi. Inaruka ruka, mara asilimia 20 mara 60, na maji hakuna aliyeyagusa. Duka moja wakanambia nitafute ya piezo, lingine wakasema kapasitivu ndo nzuri, fundi mwingine anasema 4–20 ndo mpango mzima. Hizi zinatofautiana nini ndani, na mimi ninunue ipi? Baadae nataka pia kupima presha ya pampu inayopandisha maji."

Marahaba mdogo wangu. Umeuliza vizuri, umeweka mpaka namba zilizoandikwa kwenye sensa, na hizo namba ndo zimenipa jibu kabla hata sijafika mwisho wa swali. Kabla ya kugusa aina za sensa kuna jambo ambalo hao wote watatu wamelipita, nalo ni renji, yaani sensa imetengenezwa kupima kuanzia presha ngapi mpaka ngapi.

Hebu tupige hesabu. Maji yenye kina cha mita 1 yanakandamiza chini kwa kilopaskali 9.8, karibu sehemu moja ya kumi ya bar. Haijalishi tenki ni pana au jembamba, kinachohesabika ni kina tu. Tenki la lita 5,000 lina kimo cha kama mita 2, kwa hiyo likijaa mpaka juu sensa inaona kilopaskali 20 hivi, basi. Sasa hiyo ya kwako imetengenezwa kupima mpaka megapaskali 1.2, ambayo ni kilopaskali 1,200, bar 12. Tenki lako lote, toka kavu mpaka linamwagika, ni asilimia 1.6 tu ya uwezo wake. Upande wa umeme, kati ya 0.5 na 4.5 kuna volti 4, na asilimia 1.6 ya volti 4 ni kama milivolti 65. Arduino Uno inaigawa volti 5 vipande 1,024, kila kipande milivolti 4.9, kwa hiyo tenki zima unalisoma kwa vipande 13. Kipande kimoja ni karibu lita 385! Kuruka toka 20 mpaka 60 ni vipande vitano tu, milivolti 25, na kelele ya umeme ya kiasi hicho unaipata kirahisi mota ya pampu ikiwa inazunguka karibu au Arduino ikiwa inalishwa na chaja ya simu ya bei ya chini.

Na hata kelele ukiimaliza bado hujatoka. Sensa za aina hiyo mara nyingi zinaandikwa usahihi wa asilimia 1.5, na hiyo asilimia ni ya renji yote, sio ya unachosoma. Asilimia 1.5 ya kilopaskali 1,200 ni kilopaskali 18, ambayo ni mita 1.8 za maji. Sensa inaruhusiwa kukosea kwa kiasi kinachokaribia tenki zima na muuzaji hajakudanganya popote. Kwa hiyo haijaharibika, usiitupe, ina mahali pake na tutafika.

Sasa twende ndani. Presha ni nguvu iliyosambaa kwenye eneo, paskali 1 ni nyutoni 1 kwenye mita moja ya mraba, na hakuna sensa inayoigusa presha moja kwa moja. Kila moja, ya zamani na ya kisasa, ya elfu kumi na ya milioni, ina kitu kinachokubali kusogea au kupinda kidogo presha ikiongezeka, alafu ina njia ya kujua hicho kitu kimesogea kiasi gani. Mtu akikutajia sensa yoyote muulize maswali matatu: kinachopinda ni nini, kupinda kunasomwaje, na upande wa pili wa hicho kinachopinda kuna nini. La tatu ndo linasahaulika kuliko yote na kwako wewe wa Iringa lina uzito wa pekee, nitakwambia kwa nini.

Tuanze na geji ya mshale, ile iliyoko kwenye kompresa ya fundi tairi na kwenye mtungi wa gesi ya kuchomelea. Ukifungua mgongo wake utaona bomba dogo la shaba limekunjwa mfano wa herufi C, na bomba lenyewe halina umbo la duara, limebonyezwa likawa bapa. Presha ikiingia ndani, ule ubapa unataka kurudi kuwa duara, na ukifanya hivyo ile C inafunguka kidogo. Ncha ya C imefungwa kwenye gia ndogo inayozungusha mshale. Mfaransa Eugène Bourdon aliisajili hiyo kitu mwaka 1849 na mpaka leo bado inatengenezwa, kwa sababu haihitaji umeme, haihitaji programu, mtu yeyote anaisoma kwa macho. Adui yake ni mtetemo. Ukiifunga kwenye pampu inayopiga piga gia zinalika na mshale unachezacheza mpaka huoni namba, ndo maana unakuta geji nyingine zimejazwa gliserini, ule utelezi mzito unatuliza mshale. (Ila kwenye mtungi wa oksijeni kamwe usifunge geji yenye gliserini au iliyoguswa na mafuta, oksijeni ya presha kubwa ikikutana na mafuta inawaka, hilo sio la kujaribu.)

Jirani yake ni presha swichi, kile kiboksi unachokikuta kwenye pampu za nyumbani. Humo kuna kiwambo cha mpira (ngozi nyembamba inayopinda) kinachosukumwa na maji, springi inayokirudisha, na kontakti za umeme. Maji yakishinda springi inazima, presha ikishuka inawasha. Nati ya springi kubwa inasogeza kuwaka na kuzima kwa pamoja, ile ya springi ndogo inabadilisha umbali kati ya kuwaka na kuzima. Haikwambii presha ni ngapi, inajua imefika au haijafika, na kwa kazi nyingi hiyo inatosha kabisa.

Kuanzia hapa ndo tunaingia kwenye sensa zinazotoa umeme.

Njia ya kwanza ni kutumia ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyozuia umeme kupita. Waya ukiuvuta unakuwa mrefu na mwembamba, ukinzani wake unapanda. Chukua waya huo mwembamba sana, ubandike juu ya bati, bati likipinda waya nao unavutika, ukinzani unabadilika na unaweza kuupima. Hiyo inaitwa streini geji. Mwaka 1938 Wamarekani wawili, Edward Simmons na Arthur Ruge, waliigundua kila mmoja kivyake. Shida ni kwamba badiliko ni dogo mno, kwa hiyo zinapangwa nne kwenye saketi inayoitwa daraja la Wheatstone, mbili zinavutika na mbili zinabanwa, na unachosoma ni tofauti kati ya pande mbili za daraja. Ukililisha daraja la chuma volti 5, likifika mwisho wa renji linakurudishia milivolti kama 10. Ndo maana sensa yoyote inayokupa volti 0.5 mpaka 4.5 ina ampilifaya (saketi ya kukuza umeme mdogo) ndani. Kwenye eskaveta na mashine za haidroliki unakuta familia hii, streini geji imepakwa moja kwa moja juu ya kiwambo cha chuma, safu nyembamba kuliko unywele, inavumilia mapigo ya mamia ya bar mwaka baada ya mwaka. Nyingine zinachapwa juu ya kiwambo cha seramiki badala ya chuma, na ya kwako ya waya tatu inaweza kabisa kuwa ya ukoo huu.

Mwaka 1954 Charles Smith wa maabara za Bell kule Marekani akaonyesha kwamba silikoni na jemaniamu zikibanwa ukinzani wake unabadilika kwa kiasi ambacho chuma hakifikii hata kidogo. Kwenye chuma badiliko linatoka kwenye umbo, waya umerefuka umekonda. Kwenye silikoni msukumo unabadilisha urahisi wa chaji kupita ndani ya kristali yenyewe, na matokeo yake ni makubwa mara makumi. Hapo dunia ikabadilika, kwa sababu silikoni ndo kitu kile kile kinachotengeneza chipu, kwa hiyo unaweza kuchonga kiwambo kidogo kuliko kichwa cha kiberiti, rezista nne zikiwa ndani yake tayari, maelfu kwa mara moja, kwa bei ya chini. Hizi ndo piezorezistivu. Zimejaa kila mahali: inayompimia injini ya gari hewa inayoingia, iliyo ndani ya mashine ya kupima presha ya damu ya mkononi, na za maji zinazozamishwa kwenye visima nyingi ni hizi. Kwenye ile mashine ya presha ya damu utaona kazi nzuri sana, sensa inasoma hewa iliyo ndani ya kile kitambaa cha mkono na juu ya hiyo presha inasikia vimapigo vidogo vidogo vya mshipa, na kutokana na vimapigo vinavyokua na kupungua kitambaa kikiachia hewa, mashine inakadiria namba zako.

Udhaifu wa silikoni ni joto. Ukinzani wake unasikia joto karibu kama unavyosikia presha, kwa hiyo bila marekebisho unasoma jua badala ya maji. Za kununuliwa zimerekebishwa, lakini angalia kwenye karatasi yake ni kuanzia nyuzi ngapi mpaka ngapi, maana tenki jeusi juani linachemka vibaya. Udhaifu wa pili ni maji yenyewe, chipu tupu haitakiwi kuloa. Kwa hiyo wanaiweka nyuma ya kiwambo chembamba cha chuma cha pua, katikati wanajaza mafuta ya silikoni, maji yanasukuma chuma, chuma kinasukuma mafuta, mafuta yanasukuma chipu. Ndo sababu usije ukachokoa ile sehemu ya mbele kwa msumari ukitoa matope! Ukikibonyeza kile kiwambo sensa imekwisha.

Kapasitivu ni stori nyingine. Bati mbili zinatazamana bila kugusana zinatunza chaji, na kadiri zinavyosogeleana ndivyo zinavyotunza zaidi. Bati moja ni kiwambo, nyingine imetulia. Presha inasukuma kiwambo, nafasi inapungua, kapasitansi (huo uwezo wa kutunza chaji) inapanda, saketi inaigeuza kuwa volti au ampia. Ubora wake upo kwenye presha ndogo, kwa sababu badiliko dogo la nafasi linaonekana vizuri, na haili umeme mwingi kwa hiyo inafaa kwenye vitu vya betri. Za seramiki zina sifa moja ninayoipenda sana: ukizidisha presha kiwambo kinaenda kuegemea kitako chake na kusimama hapo, presha ikishuka kinarudi, wakati kiwambo chembamba cha silikoni kingepasuka. Ubaya ni kwamba kapasitansi inayopimwa ni ndogo sana, hata unyevunyevu au waya mrefu unaongeza ya kwake, kwa hiyo elektroniki lazima ikae hapo hapo nyuma ya kiwambo na sili iwe nzuri. Kwa hiyo aliyekwambia kapasitivu hajakosea, kwa tenki inafaa, ila na piezorezistivu yenye renji sahihi inafaa vilevile na kwa kawaida utaipata kwa bei nafuu zaidi.

Sasa hii ya "piezo" inabidi nisimame, kwa sababu madukani wanaandika piezo tu na nyuma ya hilo neno kuna vitu viwili tofauti kabisa. Kuna piezorezistivu niliyoieleza hapo juu. Na kuna piezoelektriki, ambayo ndugu wawili Jacques na Pierre Curie waliionyesha mwaka 1880: kristali kama kwatzi ukiibana inatoa chaji yenyewe, bila betri. Inavutia, lakini chaji hiyo inavuja. Ukiibana na kuendelea kuibana, baada ya muda inasoma sifuri, maana yenyewe inaona mabadiliko tu. Kwa mlipuko ndani ya silinda ya injini, kwa wimbi la mshtuko, kwa mapigo ya haraka mno, hakuna inayoifikia. Kwa maji yaliyotulia kwenye tenki toka jana haikusaidii chochote. Kwa hiyo mtu akikuuzia vile visahani vya shaba vya bazaa (kile kinacholia pii) akakwambia ni piezo itapima maji, mwachie.

Kuna familia moja ambayo hutainunua lakini naitaja kwa sababu ni fundi mkubwa, ya mtetemo. Ukikaza waya wa gitaa sauti inapanda, ukilegeza inashuka. Weka waya wa chuma uliokazwa nyuma ya kiwambo, presha ikisukuma kiwambo mkazo wa waya unabadilika, unaugusa kwa sumaku unatetema, unahesabu unatetema mara ngapi kwa sekunde. Frikwensi ni kitu kinachohesabika na haiharibiki kwenye waya mrefu, kwa hiyo wahandisi wa mabwawa wanazifukia hizi ndani ya kuta za udongo kupima presha ya maji yanayopenya na zinakaa humo miaka na miaka. Ndugu yake wa kristali ya kwatzi ndo yuko chini ya bahari kwenye mitambo ya kutahadharisha tsunami, kwenye kina cha mpaka mita 6,000, presha ya bar kama 600 juu ya kichwa chake, na bado anaona maji ya juu yakipanda kwa sentimita 1. Baada ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, iliyopiga mpaka pwani yetu ya Afrika Mashariki, mitambo ya namna hii iliwekwa Bahari ya Hindi pia.

Turudi kwenye lile swali la tatu, upande wa pili wa kiwambo kuna nini. Kiwambo kinapinda kwa tofauti ya pande mbili. Kama nyuma yake kuna utupu uliozibwa, inasoma presha kamili, hewa ya dunia ikiwemo. Kama nyuma kuna tundu la kupumulia, hewa inasukuma pande zote mbili na kujifuta yenyewe, unabaki na maji peke yake. Kama nyuma kuna bomba la pili, inasoma tofauti kati ya mabomba mawili, na hiyo inatumika kwenye vichujio kujua kimeziba au bado. Alafu kuna za nyuma kuzibwa hewa ya kiwandani ikiwa ndani.

Sasa ona. Iringa uko karibu mita 1,550 juu ya usawa wa bahari, hewa hapo ni kilopaskali kama 84. Dar es Salaam ni kama 101. Tofauti ni kilopaskali 17, ambazo ni mita 1.7 za maji! Mtu akikuuzia sensa ya presha kamili, akaiweka sifuri dukani kwake Kariakoo, ukapanda nayo basi mpaka Iringa, ukifika imeshapoteza karibu tenki lako lote kabla hujaifunga. Na hata ukiisawazisha ukiwa huko huko, hewa ya ukanda wetu haijatulia, inapanda na kushuka mara mbili kila siku, inakuwa juu mida ya saa nne asubuhi na saa nne usiku, inakuwa chini mida ya saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, kama hektopaskali 3 hivi, sawa na sentimita 3 za maji. Kwa sensa ya bar 12 hiyo haionekani, kwa tenki la mita 2 inaonekana. Kwa hiyo unachotaka ni yenye kupumua. Zile za kuzamisha zina kibomba chembamba cha hewa ndani ya kebo yenyewe, kinatokea juu kwenye kiboksi. Mafundi wengi wanakata kebo na kuifunga na gundi au silikoni ili "maji yasiingie", hapo wameiziba pumzi na sensa inaanza kusoma hali ya hewa. Kiache wazi, kielekeze chini, ndani ya kiboksi kikavu, na weka kale kapakiti ka kunyonya unyevu.

Na huyo wa 4–20? Huyo hakuongelea aina ya sensa, aliongelea namna sensa inavyotuma habari, na ana hoja nzuri. Ukituma volti kwenye waya mrefu sehemu inapotea njiani na kelele inaingia. Ukituma miliampia, mkondo unaoingia upande mmoja ndo huo huo unaotoka upande wa pili, waya uwe mita 2 au mita 200. Sifuri ni miliampia 4 na kujaa ni 20, na kule kuanzia 4 kumefanywa makusudi, tenki likiwa tupu unasoma 4, waya ukikatwa na panya unasoma 0, kwa hiyo unajua kipi ni kipi. Inatumia waya mbili tu, unailisha volti 12 mpaka 24 (soma imeandikwa ngapi), na mwisho wa safari unaipitisha kwenye rezista ya omu 250 unapata volti 1 mpaka 5 za Arduino. Kama siku moja utahamia ESP32, bodi nyingine ya namna hiyo ambayo haitaki kuzidi volti 3.3, weka omu 150, utapata 0.6 mpaka 3.

Kwa hiyo kwako: tafuta sensa ya kuzamisha ya kupima kina, yenye kebo ya kupumua, renji mita 0 mpaka 3, ikikosekana basi 5, inayotoa 4–20. Ndani iwe piezorezistivu au kapasitivu, usigombane nao. Angalia tofauti: ya mita 3 kwenye tenki lako la mita 2 inakupa vipande karibu 545 badala ya 13, na hata kama usahihi wake ni asilimia 0.5 tu, hiyo ni sentimita 1.5, lita kama 38. Kwa gesti unataka nini zaidi. Usiilaze kwenye tope la chini, ining'inize sentimita tano juu ya sakafu na mbali na bomba linaloingiza maji, maana mkondo unaoipiga nao unasomeka.

Kama bajeti imebana kuna njia ya hewa, ambayo mashine za kufulia zinaitumia miaka mingi. Chukua bomba jembamba, lishushe toka juu mpaka karibu na sakafu ya tenki, chini wazi, juu lifunge kwenye sensa ya hewa. Maji yanapanda yanabana hewa iliyonaswa ndani ya bomba, na presha ya hiyo hewa ni ile ile ya maji pale yalipofikia ndani ya bomba, kwa hiyo sensa inakaa juu pakavu na hailowi kabisa. Sensa ya MPX5050 inafaa hapo, renji yake ni kilopaskali 50 na inatoa milivolti 90 kwa kila kilopaskali, tenki lako likijaa halizidi volti 1.8, vipande kama 365. Udhaifu wake ni kwamba ile hewa inayeyuka kidogo kidogo kwenye maji na kiungo chochote kinachovuja kinaishusha, namba zinateleza taratibu mpaka siku tenki likishuka chini ya mdomo wa bomba na hewa mpya ikaingia. Kwa tenki linaloisha mara kwa mara haina shida, kwa linalokaa limejaa wiki nzima itakusumbua.

Ile ya bar 12 sasa ihamishie kwenye bomba la pampu, huko ndo kwao. Pampu ikisukuma bar 3 au 4 unakuwa kati ya robo na theluthi ya renji, unasoma vizuri, na unabaki na nafasi juu kwa ajili ya mapigo. Mapigo yapo, usiyadharau: maji yanayokimbia mita 1 kwa sekunde kwenye bomba la chuma, ukiyasimamisha ghafla, kwa mfano valvu ya kuzuia kurudi ikijifunga kwa kishindo umeme ukikatika, yanazalisha pigo la bar 12 na zaidi juu ya presha iliyokuwepo, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Kwenye plastiki pigo ni dogo zaidi kwa sababu bomba linatanuka kidogo. Kiwambo hakijui kwamba ni muda mfupi, kinapokea tu. Kwa hiyo kabla ya sensa weka koki ndogo uifungue kidogo tu, au kiungo chenye tundu dogo, pigo litapunguzwa makali na wastani utabaki sahihi. Na toboa bomba ubavuni, ukitoboa chini mchanga utaziba tundu, ukitoboa juu hewa itakaa hapo.

Kupima kama sensa inasema kweli usitafute mashine ya gharama, safu ya maji yenyewe ni kipimo halali, na kipimo cha zebaki cha Torricelli cha mwaka 1643 kilisimama kwenye msingi huo huo. Nunua mpira mweupe unaoonyesha ndani, mita 2 na nusu, usimamishe ukutani na utepe wa kupimia pembeni. Hii ya kuzamisha ni nene hautaiingiza kwenye mpira, kwa hiyo iweke ndani ya bomba la PVC la inchi 2 lililozibwa chini na mpira uunganishe ubavuni chini ili uone maji yamefika wapi. Jaza mpaka mita 1 juu ya sensa, andika namba ya Arduino, jaza mpaka mita 2, andika tena, na andika ile ya bila maji kabisa. Soma kila moja mara hamsini kwenye programu na uchukue wastani, usichukue namba moja ukakimbia nayo. Fanya asubuhi kukiwa na baridi ya Iringa alafu rudia saa nane mchana. Ukishazipata hizo namba nitumie, pamoja na kimo cha tenki ulichopima kwa futi mpaka kwenye bomba la kumwagia, nitakuandikia mstari wa kubadilisha kuwa lita.